Akili ni Nywele: Tafakari Kuhusu Wahusika wa Mezani

Ipo michezo ambayo mtu huingia ili ashinde, na ipo ambayo huingia ili awe mtu mwingine kwa muda. Ninaotaka kuuzungumzia ni wa kundi la pili. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, hueleza mahali walipo: kivuko kilichofurika, mji uliofunga malango yake, msitu ambao wenyeji hawauingii baada ya magharibi. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi iliyo mbele yake, na yeye ndiye husema mhusika huyo anatenda nini na ananena nini. Jambo likiwa la mashaka, dadu hurushwa. Hakuna jukwaa, hakuna watazamaji, hakuna maneno yaliyoandikwa mapema. Hadithi huzaliwa pale pale, vinywani mwa wanaoicheza.

Wanaoupenda mchezo huu wana lalamiko moja la kudumu: wahusika hufanana. Karatasi zinasema huyu ni mpiganaji, huyu mchawi, huyu kasisi, yule mwizi. Lakini ikipita saa moja, wote wanazungumza kwa namna moja, wanapima hatari kwa kipimo kimoja, na kila uamuzi ni ule ambao mtu aliyekula akashiba na kuketi kwenye kiti salama angeufanya. Karatasi nne, mtu mmoja. Wahenga walishasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwa nini basi, tukipewa uhuru wa kubuni watu, tunabuni watu wenye akili moja?

Nimelikalia swali hili kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba ufundi peke yake hauwezi kulijibu. Jibu lake limo katika maadili. Mhusika hutengana na wenzake pale mchezaji anapokubali kwa moyo kwamba mtu mwingine anaweza kuyapanga mambo mema kwa utaratibu usio wake, kisha akamwacha mtu huyo alipe gharama ya utaratibu huo. Sauti, sura, mavazi na historia vina msaada wake, lakini vyote huja baadaye.

Asili ya mchezo wenyewe inaniunga mkono. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kulikuwa na kundi la watu waliopenda michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza vijisanamu vya askari. Desturi ya michezo hiyo ilikuwa pande mbili zenye nia moja: kila kamanda anataka kumshinda mwenzake. Mmoja wao, David Wesely, akaandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein, zama za vita vya Napoleon, na baadhi ya wachezaji akawapa nafasi za raia: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja akawa na jambo lake analolitafuta. Majeshi hayajakutana, wachezaji walikuwa wameshatawanyika, wananong'onezana, wanapatana, wanapangiana njama. Wesely aliona kwamba mchezo umemharibikia. Wenzake wakamwomba auandae tena.

Miongoni mwa waliocheza michezo hiyo ya Wesely alikuwa Dave Arneson, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alibuni ulimwengu wake mwenyewe, Blackmoor, ambamo mchezaji alibaki na mhusika wake kutoka kikao hadi kikao. Arneson akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 mchezo wao, Dungeons & Dragons, ukatoka: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza. Michezo mingi ya aina hii iliyofuata ni watoto na wajukuu wa boksi hilo. Lakini ukirudi nyuma hadi Braunstein, utaona kwamba kabla ya joka, kabla ya upanga na uchawi, kulikuwa na haja. Meya na mwenye benki hawakuhitaji kofia wala lafudhi ili wajulikane. Kila mmoja alitaka kitu ambacho mwenzake hakukitaka, na hilo lilitosha kuwafanya wachezaji wayasahau majeshi.

Boksi la 1974 lilikuja na tarakimu. Kila mhusika alipimwa kwa sifa sita: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na mvuto. Kwa kila sifa dadu tatu zilirushwa na kujumlishwa, hivyo alama zilianzia 3 na kuishia 18. Wengi waliangukia katikati, maana kati ya njia 216 ambazo dadu tatu zinaweza kuanguka, ni moja tu inayotoa 18. Kazi zilikuwa tatu, mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi akaongezwa mwaka 1975. Tarakimu hizi zina manufaa yake na sizibezi. Zinatuambia mhusika anaweza nini. Atafanya nini, hilo hazilijui. Mtu mwenye nguvu 16 anaweza kuuvunja mlango. Kama atapiga hodi kwanza, hakuna alama inayosema.

Waliofuata waliliona pengo hilo, na baadhi yao wakajaribu kuliziba kwa kumpa mhusika maisha ya nyuma. Traveller, mchezo wa safari za angani ulioandikwa na Marc Miller na kutoka mwaka 1977, ulimtaka mchezaji ampitishe mhusika wake katika utumishi kabla hadithi haijaanza, jeshini au katika meli za biashara na kwingineko, kwa vipindi vya miaka minne minne. Kila kipindi kilikuwa na dadu za kunusurika, na katika chapa ile ya kwanza mhusika aliweza kufa kabla hajachezwa hata dakika moja. Aliyenusurika vipindi kadhaa aliingia mezani akiwa mtu mzima mwenye ujuzi na cheo, na pengine na nafasi alizozikosa. Naupenda utaratibu huo kwa kuwa unamkumbusha mchezaji kwamba hakuna mtu anayeanza leo.

Hata hivyo, maisha ya nyuma yana mtego wake. Wako wachezaji wanaokuja na kurasa tele, kijiji kilichoteketezwa, wazazi waliouawa, kiapo cha kisasi, kisha kikao kinaanza na hakuna ukurasa hata mmoja unaogusa wanachoamua. Yaliyopita hupata uzito pale yanapomfanya mtu ashindwe na jambo jepesi leo. Yule ambaye kijiji chake kiliteketezwa, na ambaye tangu hapo hawezi kulala katika nyumba yenye mlango mmoja, huyo tayari tunamjua. Atawatibulia wenzake maelewano na mwenye nyumba ya wageni, atajikunja nje kwenye mvua, na asubuhi mmoja wao atamuuliza kulikoni. Sentensi hiyo moja ya mlango itafanya kazi iliyozishinda kurasa zote zile.

Liko pia suala la sauti. Tangu mwaka 2015 kundi la waigizaji wa sauti wa Marekani limekuwa likirusha vikao vyake mtandaoni kwa jina la Critical Role, Matthew Mercer akiwa mwendesha mchezo kwa miaka mingi, na wengi wameujua mchezo huu kupitia kwao. Kazi yao ni nzuri. Anayewatazama, hata hivyo, anaweza kudhani kwamba bila koo la namna ile hatapata mhusika wa maana. Sauti ni heshima kwa msikilizaji, inamjulisha nani anasema. Lakini kikao kikifika saa ya tatu koo huchoka, na kinachobaki ni yale yanayosemwa. Asiyejua kubadili sauti anaweza kubadili mwenendo wa maneno: mhusika huyu hujibu kwa mkato, yule hajibu swali ila kwa swali, na mwingine hamwiti mtu kwa jina lake mpaka awe amemwamini.

Tena sauti ina hatari yake. Njia ya mkato ya kumtofautisha mhusika ni kumpa lafudhi ya watu fulani na kuwachekesha wenzako. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua njia hiyo. Tumekua tukisikia vichekesho ambavyo mlinzi lazima azungumze kwa lafudhi ya kabila fulani na mwenye duka kwa lafudhi ya jamii nyingine, watu wakacheka kabla neno lenyewe halijasikika. Mhusika wa namna hiyo hajatofautishwa na yeyote. Ameyeyushwa ndani ya kundi zima, na kundi zima limefanywa mtu mmoja. Anayetaka kubuni watu hana budi kuiacha njia hiyo, hata kama meza nzima ingecheka.

Basi tutazame kwa karibu. Chukua wapiganaji wawili ambao karatasi zao zinalingana kwa kila kitu: nguvu 16, wepesi 12, deraya moja, upanga mmoja, umri mmoja. Tuwaite Haldor na Berit. Wamefika kijijini katika mwaka wa njaa. Ghala la nafaka limevunjwa, na mzee wa kijiji amewalipa wamtafute mwizi. Wanazifuata nyayo hadi kwenye kinu kilichoachwa, na humo ndani wanamkuta mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, gunia mbele yake, wadogo zake wawili wamejibanza nyuma yake, vinywa vyao vimejaa nafaka mbichi.

Kama uamuzi ni wa Haldor, anaketi chini. Anamwambia mvulana amalize kula, kwa sababu hatamtembeza mtoto mwenye njaa. Kisha anamshika mkono na kumrudisha kijijini, maana alimpa mzee neno lake na neno lake ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Lakini wanapofika uwanjani na watu wanaanza kuokota mawe, anasimama mbele ya mvulana na kusema kwamba aliahidi kumleta mwizi, hakuahidi kumwacha, na anayetaka kumpiga aanze naye.

Kama uamuzi ni wa Berit, harudi na mtu. Anatoa mkate uliobaki kwenye mkoba wake, anauweka juu ya gunia, anawaonyesha watoto njia ya mtoni isiyopita kijijini. Kisha anamrudishia mzee fedha zake zote na kumwambia kwamba nyayo zilipotelea kwenye mawe. Mzee anamtazama na kujua kwamba anadanganywa. Kuanzia siku ile, Berit katika bonde lile ni mtu asiyeweza kazi, au ni mtu aliyegawana na mwizi.

Hakuna dadu iliyorushwa. Hakuna sauti iliyobadilishwa. Hata tukiyafuta majina, kila aliye mezani atatambua nani ni nani, na atawatambua tena katika kisa kijacho. Tena hakuna mbaya kati yao. Haldor anampenda mtoto, na Berit anaujua uzito wa ahadi. Wote wawili wanathamini rehema na uaminifu. Wanachotofautiana ni kipi kinatangulia pale ambapo viwili haviwezi kupita pamoja, na kila mmoja amelipa: Haldor ameipoteza imani ya watoto watatu, Berit amelipoteza jina lake. Wakiwa katika msafara mmoja, mabishano yao njiani usiku ule ndiyo yatakayokumbukwa kuliko vita vyovyote.

Hapo ndipo ninapoiona siri yote. Tunapotaka kutofautisha watu, haraka yetu ni kuwagawa katika wema na wabaya. Dungeons & Dragons ya mwanzo ilikuwa na pande tatu, Sheria, Vurugu na katikati; baadaye zikazidishwa hadi tisa. Mgawanyo huo unatuambia mhusika yuko kambi gani. Hautuambii, kati ya mambo mema anayoyapenda, ni lipi atalitoa kafara ili aokoe lingine. Na wengi wetu tunapenda mambo yale yale: ukweli, jamaa, uhuru, haki, amani ya nyumba. Utu wa mtu husomeka katika foleni ambayo ameyapanga, lipi mbele, lipi nyuma.

Greg Stafford alilielewa jambo hili vizuri. Katika Pendragon, mchezo wake wa mashujaa wa Mfalme Arthur uliotoka mwaka 1985, kila mhusika ana jozi 13 za tabia zinazovutana: huruma na ukatili, ukarimu na uchoyo, kusamehe na kulipiza kisasi, unyenyekevu na kiburi. Kila jozi hujumlika 20, kwa hiyo anayezidi upande mmoja hupungua upande wa pili. Mchezaji akiwa na shaka, hurusha dadu ya nyuso 20 ili aone tabia ipi imemshika shujaa wake. Pamoja na tabia hizo zipo hisia nzito, kama vile utiifu kwa bwana, mapenzi ya jamaa na heshima ya ukarimu kwa mgeni. Fikiria bwana wako anakuamuru uivamie nyumba ambayo jana ulikula chakula chake. Hapo huhitaji adui mwingine.

Jambo linalonigusa zaidi katika mchezo huo ni kwamba shujaa anaweza kumshinda mchezaji wake. Ulitaka asamehe, dadu ikasema hakusamehe. Sasa wewe uliyeketi mezani unapaswa kumtafutia maneno mtu aliyefanya usichopenda, na kuyasema kwa niaba yake bila kumdhalilisha. Hilo ni zoezi gumu, na nadhani ni zuri kwa roho. Sote tumewahi kukusudia moja tukajikuta tumefanya lingine. Mchezo unatutaka tumhurumie mtu wa kubuni katika hali ambayo tunajua ni yetu pia.

Hadi hapa nimezungumzia mchezaji mwenye mhusika mmoja. Mwendesha mchezo ana mzigo tofauti, kwa sababu yeye huwabeba wote waliobaki: mwenye nyumba ya wageni, nahodha, mfalme, mwombaji, binti wa mfanyabiashara. Aliyesoma fasihi sekondari anakumbuka wahusika bapa na wahusika duara, mgawanyo uliotoka kwa Mwingereza E. M. Forster katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya. Mwalimu alipotufundisha, wengi tulitoka tukidhani kwamba bapa ni kosa la mwandishi. Mezani si hivyo. Mtu anayeonekana kwa dakika mbili hawezi kuwa duara, wala hakuna haja. Lakini anaweza kuwa na haja yake mwenyewe, na haja hiyo humtoa katika kuwa pambo la mlango.

Mfano ni mlinzi wa lango la mji. Msafara umefika jioni, unataka kuingia. Mlinzi wa kawaida huuliza jina na shughuli, hupokea hongo au huikataa, na hakuna anayemkumbuka. Sasa mpe jambo moja: juu ya lango pana chumba, na humo mkewe yuko katika uchungu wa kujifungua. Anauliza majina lakini hasikii majibu. Anaandika, anafuta. Kila sauti ikisikika juu, kalamu inasimama. Anawaambia wapite, kisha anakumbuka kwamba hajakagua mizigo, anawarudisha, kisha anasahau kwa nini amewarudisha. Ghafla wachezaji waliokuja na mipango ya kumdanganya wanaiacha. Mmoja anauliza kama mkunga yupo. Kasisi anajitolea kupanda. Mwizi, ambaye lango lililoachwa wazi ndilo alilolisubiri, anasitasita, na kule kusitasita kwake kunatuambia habari zake ambazo hata mwenyewe hakuziandika. Mlinzi bado ni bapa. Lakini ana mahali ambapo moyo wake upo, na mahali hapo hapawahusu wachezaji. Kumbuni mtu na kumpa jambo lisilokuhusu ni adabu, na adabu hiyo ndiyo inayomfanya aonekane hai.

Kisa cha mlinzi kinatufikisha kwenye jambo jingine. Mwizi alijulikana kwa sababu kulikuwa na mlinzi, kama vile Haldor anavyojulikana kwa kuwa karibu na Berit. Mtu ni watu. Baadhi ya michezo ya karne hii imelijenga funzo hilo katika msingi wake. Katika Fiasco ya Jason Morningstar, iliyotoka mwaka 2009 na isiyo na mwendesha mchezo, kabla wahusika hawajakuwepo huwekwa kwanza uhusiano kati ya kila wawili wanaokaa jirani mezani, na wahusika huchipuka humo. Katika Apocalypse World ya Vincent Baker, iliyotoka mwaka 2010, wachezaji huzunguka meza mwanzoni wakisema nani anamfahamu nani na kwa kiasi gani. Huko hakuna anayejitengeneza peke yake chumbani na kuja na mtu aliyekamilika.

Kwa hiyo jukumu la kumfanya mhusika awe wa pekee halimwelemei mwenye mhusika peke yake. Ni la meza nzima. Mchezaji mwenzako amesema kwamba mhusika wake hajala tangu asubuhi. Unaweza kuliacha neno lile lipite, ukarudi kwenye shughuli zako. Unaweza pia kuuliza, kwa sauti ya mhusika wako, kwa nini huli. Swali hilo ni zawadi. Humlazimisha mwenzako alifikirie jibu, na jibu hilo linakuwa kweli kuanzia dakika ile. Nimewahi kuketi na wachezaji hodari wa maneno ambao wahusika wao waling'aa na bado meza ikawa baridi, kwa kuwa hawakuwahi kumuuliza mtu kitu. Na nimeketi na watu wa maneno machache ambao kila aliyecheza nao aliondoka akimjua mhusika wake vizuri zaidi. Hao wa pili ndio ninaotamani kucheza nao, na ndio ninaotamani kufanana nao.

Upo udhuru mmoja ambao lazima niutaje, kwa sababu hujivika joho la mambo niliyoyasema. Mchezaji humwibia mwenzake, huuharibu mpango wa wote, humdhalilisha mwingine hadi mtu halisi aliye kitini anaumia, na akiulizwa hujibu: ndivyo mhusika wangu angefanya. Jibu hilo halitoshi. Mhusika hana mikono wala kinywa. Aliyemchagulia tabia hiyo, na aliyechagua kuitumia usiku huu dhidi ya watu hawa, ni mchezaji. Tofauti niliyoisifu ni ile ambayo gharama yake inamwangukia mhusika mwenyewe. Berit alilipa kwa jina lake. Anayejitofautisha kwa kuwatoza wengine amepata njia ya kuwa yeye yule huku akijificha nyuma ya karatasi. Na mara nyingi, ukimtafakari mhusika kwa uaminifu, utapata sababu ya yeye kubaki na wenzake: deni, mapenzi, upweke, kuchoka. Watu wakaidi kabisa nao wana wanaowavumilia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nichukulie kwa uzito namna hii mambo ya meza na dadu. Ni kwa sababu ninaona jinsi magomvi yetu mengi yanavyofanana na mabishano ya Haldor na Berit, na jinsi tunavyoyasoma vibaya. Ndugu wawili wanagombana kuhusu mama mgonjwa, mmoja akitaka apelekwe mjini kwa matibabu, mwingine akitaka abaki nyumbani kwake alikozoea. Kila mmoja anamwona mwenzake hana mapenzi. Wote wanayo, wameyapanga na mambo mengine kwa utaratibu tofauti. Jirani anayeshikilia utaratibu humwona anayeshikilia uhuru kuwa mhuni, na huyu humwona yule kuwa dikteta. Tunadhani mwenzetu amekosa jema tunalolipenda, wakati analo, ila kaliweka mahali pengine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchezo huu hautulazi kwenye kitanda cha mwingine kwa kweli, na nisingependa kuukuza kupita kiasi. Mtu anaweza kumcheza shujaa mwenye huruma kwa miaka na akabaki mkali kwa watu wa nyumbani mwake. Lakini kwa saa tatu au nne unaombwa uutazame ulimwengu kutoka katika foleni isiyo yako, uifuate hadi mwisho wake, ulipe bei yake, na uitetee mbele ya watu wanaokuuliza maswali. Ni nafasi adimu. Mahali pengi tunaombwa tuwapinge wenye utaratibu mwingine au tuwavumilie. Hapa tunaombwa tuwasemee.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeketi kumwandika mhusika mpya ni huu. Usianze na upanga, wala na rangi ya macho. Jiulize ni jambo gani jema ambalo wewe mwenyewe, ukisema kweli, huliweka nyuma. Kama unapenda uhuru kuliko vyote, pengine ni utiifu. Kama unapenda ukweli usiopindwa, pengine ni amani ya nyumba. Kama wewe ni mtu wa kuthubutu, pengine ni tahadhari ya yule anayehesabu watoto kila jioni kabla ya kufunga mlango. Lichukue jema hilo, umpe mhusika wako alitangulize, na usimfanye mjinga kwa kulitanguliza. Mpe akili zako zote na maneno yako bora, umwache alitetee jema hilo mpaka ufike mahali ambapo hujui tena umjibu nini.